Roboti imepotea ndani ya chumba: tuanze na dalili, tufike kwenye chanzo

Ukiwa umekaa ndani ya boti bandarini Malindi, macho dirishani, na boti ya ubavuni ikaanza kuondoka, kuna nukta moja utahisi ni nyinyi mnaokwenda. Kiti kimetulia, mwili umetulia, ila jicho limejaa kitu kinachosogea na akili inaamua vibaya. Baada ya sekunde mbili unaliona gati, gati halijasogea, unajirudi. Roboti inayojitafuta kwa kamera ndani ya nyumba inapatwa na jambo hilohilo, na shida yake kubwa ni kwamba mara nyingi hakuna gati ndani ya picha.

Haya ni kwa wale ambao tayari wamewasha SLAM ya kamera, yaani programu inayochora ramani na papo hapo kuitumia ramani hiyo kujua roboti iko wapi, iwe ORB-SLAM3, RTAB-Map au nyingine ya jamii hiyo, kisha wakaona njia iliyochorwa inaruka, inapinda au inakatika. Nayatoa kwenye kazi ya sehemu mbili. Moja ni nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Unguja, yenye ukumbi mrefu uliopakwa chokaa. Nyingine ni ghala la karafuu Wete, Pemba, ambako roboti ndogo ya magurudumu ilitakiwa ipite kati ya safu za magunia na kuyahesabu. Kupima ardhi kwa nje ni kazi nyingine kabisa. Visiwa hivi vilianza kupigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani mwaka 2016, na ndege hizo zina setilaiti za kuziambia zilipo. Ndani ya kuta za matumbawe zenye unene wa nusu mita, setilaiti haikufikii.

Majaribio mawili kabla hujagusa msimbo

Jaribio la kwanza: isimamishe roboti katikati ya chumba, zima mota, acha SLAM iendelee. Waombe watu wapitepite mbele yake kwa dakika tano kama wanavyopita siku zote.

Jaribio la pili: watoe watu, funga milango na madirisha, zima pangaboi. Piga alama ya chaki sakafuni, iendeshe roboti mzunguko mzima na uirudishe juu ya chaki ileile. Angalia ramani inasema imerudi wapi.

La kwanza likiharibika na la pili likawa zuri, tatizo lako ni vitu vinavyotembea. La kwanza likiwa zuri na la pili likaharibika, usimlaumu mtu yeyote anayepita. Shida iko kwenye kamera, mwanga, muda unaoandikwa kwenye picha au ukuta. Yakiharibika yote mawili, shughulikia la pili kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wanaoniletea kumbukumbu za programu zao huanza kwa kusema "watu ndio wanaoniharibia", wameshafunga mtandao wa neva, yaani programu iliyofundishwa kwa picha nyingi, wa kutambua binadamu na kompyuta inahema, kumbe kamera yao haijawahi kufanyiwa kalibresheni, yaani kupimwa lenzi yake inavyopinda picha. Inauma kuona wiki mbili za kazi zinakwenda hivyo.

Roboti imesimama, ramani inasema inatembea

Pale Wete, mzee mwenye dhamana ya ghala alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na mlango siku ya jaribio la kwanza. Aliitazama roboti, akaitazama skrini, akaniita.

"Mwanangu, mimi niko hapa tangu asubuhi na kitu chako hakijatoka pale. Mbona mchoro unasema kimeingia ukutani?"

"Ni kweli mzee wangu, haijatoka. Imewaona mahamali wanapita na magunia, ikadhani yenyewe ndiyo iliyokwenda."

"Basi ifundishe kutazama nguzo."

Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo ya tatizo hili, na tiba zote zilizo hapa chini ni njia mbalimbali za kuifundisha roboti kutazama nguzo.

Tuone kinachotokea ndani. Programu za jamii ya ORB-SLAM haziitumii picha nzima. Zinachagua vipande vyenye kona kali, pale weusi na weupe vinapokutana ghafla, na mpangilio wa kawaida kwa picha ya pikseli 640 kwa 480 ni alama 1000 hivi kwa fremu, yaani kwa kila picha moja ya video. Sasa uchukue ule ukumbi wa Mji Mkongwe. Chokaa ni nyeupe tupu, haina kona hata moja. Anapita bibi aliyejifunga khanga. Pindo lina vidoto vilivyopangana, mji una korosho au maua, jina limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi. Nilipochora alama zote juu ya fremu moja ya namna hiyo, khanga ilijaa vinukta vya kijani kuanzia kiunoni hadi miguuni na ukuta ukabaki mtupu. ORB-SLAM hujitahidi kuzitawanya alama kwenye picha yote, lakini haiwezi kuziumba pasipo na kona.

Baada ya hapo inakuja kura. Mbinu ya RANSAC, iliyochapishwa na Fischler na Bolles mwaka 1981, huchukua alama chache kwa bahati nasibu, hukisia mwendo wa kamera, huhesabu alama ngapi zinaliunga mkono kisio hilo, kisha hurudia. Kisio lenye wafuasi wengi hushinda. Ikiwa nusu ya alama ni tuli na unachukua nnenne, majaribio 72 yanatosha kukupa uhakika wa asilimia 99 kwamba angalau kundi moja lilikuwa safi. Alama tuli zikishuka hadi asilimia 30, unahitaji karibu 570. Wengi hukimbilia kuongeza idadi hiyo. Haisaidii sana hapa, kwa sababu alama za khanga si makosa yaliyotawanyika ovyo. Zinasogea pamoja na zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Wapiga kura wengi wakiwa ndani ya boti inayoondoka, gati litashindwa hata ukirudia uchaguzi mara elfu.

Tiba ninayoanza nayo haina msimbo: pandisha kamera. Roboti yetu ya kwanza iliiweka kamera usawa wa goti, na kwa urefu huo dunia yote ni pindo za kanzu, buibui na khanga, na matumbo ya magunia. Tuliipandisha hadi karibu mita moja na kuielekeza juu kidogo, ikaanza kuona ukuta ulio juu ya magunia, vichwa vya nguzo na kenchi za paa. Kenchi haziendi popote. Usawa wa goti una hasara nyingine pia: mitandao ya kutambua watu imefundishwa zaidi kwa picha za watu wanaoonekana mwili mzima au nusu, na mtu anayeonekana kuanzia gotini kushuka, tena ndani ya kanzu isiyoonyesha hata miguu, huipita bila kutambuliwa.

Hapo ndipo uje kwenye mtandao wa neva unaowafunika watu kabla alama hazijachaguliwa. Kwamba njia hii inafanya kazi hakuna ubishi. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilitoa mwaka 2012 mkusanyiko wa video za kamera ya kina, ile inayopima pia umbali wa vitu, na baadhi yake zinaonyesha watu wawili wakitembea kuzunguka meza ya ofisi. Kwenye baadhi ya video hizo ORB-SLAM2 peke yake hukosea njia kwa karibu nusu mita au zaidi. DynaSLAM ya mwaka 2018, inayowafunika watu kwa mtandao wa Mask R-CNN kisha kukagua jiometri ya alama zilizobaki, huteremsha kosa hadi sentimita chache. Gharama yake ni kasi: Mask R-CNN ni nzito, na kwenye kompyuta ndogo ya roboti haitafuata fremu 30 kwa sekunde. Tumia mtandao mwepesi zaidi, uuendeshe kwenye fremu chache tu, na katikati yake usogeze kifuniko kwa kufuata alama. Kipanue kifuniko pikseli kadhaa kila upande, maana ukingo wa nguo inayopepea ndio unaovuja.

Jua pia mtandao wako unajua nini. Mingi imefundishwa kwa mkusanyiko wa COCO wenye aina 80 za vitu. Mtu yumo, paka yumo, kiti kimo, sanduku la safari limo. Pangaboi halimo. Pazia halimo. Gunia halimo. Upepo wa kusi ukiingia dirishani na pazia likaanza kucheza, hakuna mtandao wa aina hiyo utakaokuambia. Ndiyo maana ukaguzi wa jiometri hauachwi hata ukiwa na kifuniko kizuri: chukua alama ya fremu iliyopita, kadiria ingetakiwa ionekane wapi na kwa kina gani kama ni tuli, na ikiwa haipo hapo, itoe kwenye kura.

Na watu wakijaza picha nzima? Ukiwafunika wote, alama zinabaki kiganjani. Wakati huo usiilazimishe kamera. Roboti ibebwe na kihisi mwendo (IMU) na hesabu ya magurudumu kwa sekunde chache, na usiongeze fremu mpya kwenye ramani mpaka njia iwe nyeupe. Angalia tu magurudumu yasiteleze. Saruji yenye mchanga hudanganya kama kamera inavyodanganya.

Roboti inatembea, ramani inasema imesimama

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, imegeuzwa. Ndani ya picha kuna kitu kinachokwenda pamoja na roboti. Mara nyingi ni sehemu ya roboti yenyewe: ukingo wa bampa, waya, kivuli chake kikiwa na taa nyuma. Funika eneo hilo moja kwa moja kwenye mipangilio. Wakati mwingine ni uchafu kwenye lenzi. Ghala la karafuu lina vumbi lenye mafuta, likishika lenzi halitoki kwa kupuliza, na karibu na bahari kuna utando wa chumvi. Doa haliondoki mahali pake kwenye picha hata roboti ikienda mita kumi. Chukua fremu 100, tafuta wastani wake, doa litajitokeza lenyewe. Safisha kwa kitambaa laini na maji ya lenzi, si kwa ncha ya shati.

Chanzo cha tatu huwa hakikisiwi: mwangalizi wa roboti. Anatembea mbele yake kwa mwendo uleule, ukubwa wake kwenye picha haubadiliki, na nguo yake inapiga kura kwamba hakuna anayekwenda. Mwambie apite nyuma.

Asubuhi inajijua, mchana haijijui

Vitu vigumu zaidi kwangu si vinavyotembea. Ni vile vilivyotulia vikakaa saa tatu, ramani ikaviamini, kisha vikahamishwa. Magunia ya karafuu ni mfano kamili. Asubuhi yamepangwa hadi kichwani, yamekuwa ukuta. Adhuhuri lori limekuja, nusu ya ukuta imeondoka. Jioni magunia mengine yenye chapa ileile yamepangwa upande wa pili. Roboti inayaona, inasema "hapa napajua", na kujihamishia mahali yalipokuwa asubuhi. Kutafuta vitu vinavyosogea hakukusaidii kuligundua hili, kwa sababu gunia wakati linatazamwa halisogei.

Tulichofanya Wete ni kutenga ramani mbili. Ya kwanza ni ya mifupa: kuta, nguzo, kenchi, fremu za milango. Ilichorwa ghala likiwa karibu tupu, kisha ikafungwa. Roboti huisoma, haiandiki juu yake. RTAB-Map na ORB-SLAM3 zote zina hali ya kujitafuta tu bila kuongeza ramani. Ya pili ni ya siku, inashika magunia na vikapu kwa ajili ya kuhesabu na kutogonga, na kila jioni inatupwa. Ukilazimika kuwa na ramani moja, angalau iwe na usahaulifu: alama iliyotakiwa kuonekana na isionekane mara kadhaa mfululizo, ifutwe.

Bandika pia AprilTag kwenye nguzo. Ni alama za miraba nyeusi na nyeupe zilizotolewa mwaka 2011 na Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan, kila moja ina namba yake na ni vigumu roboti kuichanganya na nyingine. Zichapishe kwenye karatasi isiyong'aa, juu ya kichwa cha mtu, na uandike vipimo vyake kwenye daftari.

Usizibandike mlangoni. Hili linahusu milango yetu ya kuchonga kwa jumla. Katika nyumba nzima ya mawe hakuna kitu kinachoipa kamera alama nyingi kama nakshi za mlango, na mbawa za mlango hufunguka. Kizingiti cha juu na fremu ni tuli, zitumie bila wasiwasi. Mbawa zihesabu kama watu: kila ukichora ramani, ziwe wazi kabisa au zimefungwa kabisa, na alama zake zipewe uzito mdogo.

Ramani inajikunja ghafla

Njia ilikuwa nzuri, kisha kwa kufumba na kufumbua vyumba viwili vinalaliana. Programu imefunga mzunguko usiokuwepo: imeona chumba cha pili ikaapa ni cha kwanza. Mji Mkongwe una sababu yake, nayo ni ujenzi. Dari za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti, karibu mita tatu, ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, na chumba cha ghorofa ya kwanza kinafanana na cha ghorofa ya pili kwa upana, kwa chokaa na kwa mistari ya boriti juu. Kamera iliyoelekezwa juu ili iwakwepe watu inaziona boriti hizohizo kila mahali. Kilichotuokoa Wete kilitutesa Mji Mkongwe, na ilibidi tuishushe kamera tena kidogo.

Linganisha mruko na umbali uliokwishatembea. Roboti iliyokwenda mita 50 na kawaida yake hupotoka kwa asilimia 2 inaweza kuwa imekosea mita moja. Mzunguko unaoitaka ihame mita sita ni wa kukataliwa. RTAB-Map ina kipimo cha kazi hiyo, RGBD/OptimizeMaxError, usikizime. Dai pia ushahidi wa fremu kuu (zile zinazohifadhiwa kwenye ramani) kadhaa mfululizo kabla ya kukubali, na namba ya AprilTag ikikanusha, AprilTag ndiyo inayosikilizwa.

Inapotea kila inapokata kona

Hapa watu hawahusiki. Jaribio la pili litakuonyesha. Roboti ikigeuka nyuzi 45 kwa sekunde na kamera ikafungua mwanga kwa milisekunde 20, picha inaburuzwa nyuzi 0.9. Kwa kamera inayoona upana wa nyuzi 69 kwa pikseli 640, hizo ni pikseli nane za ukungu, na kona kali hazipo tena. Punguza kasi ya kugeuka au ongeza taa ili muda wa mwanga ufupike.

Usiufupishe hovyo, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka milisekunde 10 au 20 kamili, na kwenye mipangilio ya kamera badilisha hezi 60 iwe 50. Mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha itaondoka. Pangaboi lililo chini ya taa huleta kupepesa kwake lenyewe, sogeza taa.

Taa zikiwa sawa na kona bado inapoteza, tazama muda ulioandikwa kwenye kila fremu. Kwa fremu 30 kwa sekunde, nafasi iwe karibu milisekunde 33. Ukiona 66 na 100 zinajitokeza, fremu zinadondoka, na nimekuta zaidi ya mara moja chanzo ni waya wa USB uliopata kutu kwa hewa ya chumvi. Badilisha waya kabla hujabadilisha programu.

Mwisho, kalibresheni. Ule ubao wa miraba kama wa dama lazima uwe bapa kabisa. Karatasi iliyobandikwa kwenye kadibodi hujikunja kwa unyevu wa masika, na kamera itajifunza mkunjo huo kana kwamba ni wa lenzi. Bandika juu ya kioo.

Dakika kumi nzuri, halafu inakata

Shika kompyuta kwa mkono. Raspberry Pi 4 huanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80 za sentigredi, na ndani ya boksi la plastiki lililofungwa, siku ya joto la kaskazi, inafika mapema. Fungua matundu, weka feni.

Sakafu ina mashimo, ukuta una mawingu

Taili zinazong'aa huionyesha roboti taa na watu kwa chini, kama vile kuna chumba kingine chini ya sakafu. Futa alama yoyote iliyo chini ya usawa wa sakafu. Kamera za kina zinazorusha mwanga wa infraredi hupofuka jua likipiga moja kwa moja dirishani. Funga luva za upande huo, au tegemea kamera mbili za kawaida. Na hata penye kivuli usikiamini kina cha mbali: kosa hukua kwa mraba wa umbali. Kamera mbili zilizoachana sentimita 5, zenye urefu wa fokasi wa pikseli 640 na zikikosea sehemu moja ya kumi ya pikseli, hukosea milimita 3 kwa mita moja na sentimita 5 kwa mita nne. Wete tuliyakata yote yaliyozidi mita tatu na nusu kwenye ramani ya magunia, na mstari wa safu, uliokuwa na mawimbi, ukanyooka.